Dola 20 za mhasibu Uvira, na mfanyakazi anayezilipia uzeeni

UVIRA – Kila mwanzo wa mwezi, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, mazungumzo ni yaleyale. Mhasibu anafika dukani na begi lake la makaratasi. Mwenye duka anamkaribisha kwa kiti na soda, kisha anaanza: «Ndugu yangu, unipunguzie kidogo. Mwezi huu biashara haikutembea.» Mhasibu anataja dola 40. Mwenye duka anajibu 15. Wanakutana kwenye 20, wanapeana mkono, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza kazi yenyewe ni kiasi gani.

Ni hivyo wanavyonunua ndagala pale Mulongwe, na kwa ndagala si vibaya. Mnunuzi anaziona, anazishika, anajua kama zimekauka vizuri. Lakini vitabu vya hesabu na mishahara ya wafanyakazi havionekani kwa macho. Kasoro yake haioneki siku ya kununua, bali baada ya mwaka, pengine baada ya miaka 20, na mara nyingi anayeumia hakuwepo siku ile ya kupatana bei.

Ndiyo sababu swali la bei ya mhasibu si jambo dogo kati ya watu wawili. Katika mji huu, ambako biashara nyingi zina mfanyakazi mmoja hadi kumi, bei hiyo inaamua kama msichana anayeuza dawa kwenye famasi atakuwa na jina katika mfuko wa jamii siku atakapozeeka, au hatakuwa nalo.

Kazi yenyewe ni nini

Wengi wanadhani mhasibu anakuja «kuandika vitabu» tu. Sheria inamdai mwenye biashara zaidi ya hapo. Tangu tarehe 12 Septemba 2012, Kongo ni mwanachama wa OHADA, umoja wa nchi 17 za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Sheria ya umoja huo kuhusu uhasibu, iliyopitishwa Januari 2017 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, inamtaka hata mfanyabiashara mdogo aweke kumbukumbu za fedha zinazoingia na zinazotoka.

Kwenye mishahara, mzigo ni mkubwa zaidi. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 kuhusu hifadhi ya jamii, ambayo kwayo INSS ya zamani ilibadilika kuwa CNSS, inafuatana na michango ya asilimia 18 ya mshahara: 13 inatoka mfukoni mwa mwajiri, 5 inakatwa kwa mfanyakazi. Juu ya hapo kuna kodi ya mshahara, ambayo mwajiri anaikata na kuipeleka DGI kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kuna pia sehemu ya INPP kwa mafunzo ya kazi, na ya ONEM kwa huduma ya ajira. Na kila mfanyakazi ana haki ya kupewa karatasi inayoonyesha amelipwa kiasi gani, amekatwa nini na kwa sababu gani.

Chukua mfano wa famasi yenye wafanyakazi sita, ambao mishahara yao kwa jumla ni dola 900 kwa mwezi. Michango ya CNSS peke yake ni dola 162: mwajiri 117, wafanyakazi 45. Fedha hizo si za mwenye famasi, na si za mhasibu. Zile 45 zimekwisha kutoka kwenye jasho la wafanyakazi. Kama zimekatwa na hazikufika, hilo haliitwi uzembe wa makaratasi. Ni fedha ya mtu iliyoliwa.

Sasa hesabu saa. Kupanga risiti za mwezi mzima zilizotupwa ndani ya katoni: saa nne. Kuziandika na kulinganisha na fedha iliyomo kisandukuni, benki na kwenye simu: saa tatu. Kutengeneza mishahara ya watu sita: saa mbili. Kuandaa matamko, kwenda kwenye ofisi, kungoja, kulipa na kurudi na uthibitisho: saa tatu. Jumla ni saa 12. Kwa dola 20, mhasibu huyo anapata chini ya dola 2 kwa saa, na bado hajalipa pikipiki, intaneti wala chumba cha ofisi.

Bei isiyowezekana ni kazi isiyofanyika

Kuna watakaosema: kama amekubali 20, shida ni yake. Hesabu inaonyesha kwamba shida ni ya wote.

Tuseme mhasibu wa kujitegemea Uvira anatumia dola 200 kwa mwezi ili ofisi yake isimame: chumba, umeme na sola, intaneti, usafiri, karatasi, na akiba kidogo ya kubadilisha kompyuta siku itakapokufa. Tuseme anataka kubaki na dola 400 za kulisha nyumba na kulipia watoto shule. Si utajiri. Anahitaji dola 600. Mwezi una siku 22 za kazi, karibu saa 176. Lakini theluthi moja ya saa hizo hakuna mteja anayezilipa: ni kutafuta wateja, kusoma sheria mpya, kungoja umeme urudi. Zinabaki karibu saa 120. Gawanya 600 kwa 120, unapata dola 5 kwa saa.

Kwa famasi ile ya saa 12, bei halali ni dola 60. Wateja kumi wa namna hiyo wanajaza mwezi wake wote.

Akikubali 20, atahitaji wateja 30 ili apate zile 600. Wateja 30 mara saa 12 ni saa 360, yaani saa 12 kila siku kwa siku 30, bila Jumapili, bila ugonjwa, bila msiba. Haiwezekani. Kwa hiyo atafanya jambo moja kati ya mawili: ataacha kazi, au ataacha kuifanya kazi. Wengi wanachagua la pili. Risiti hazisomwi. Mishahara inanakiliwa kutoka mwezi uliopita. Wafanyakazi sita wanatangazwa wawili. Tamko linakwenda likiwa na tarakimu za kubahatisha, au haliendi kabisa.

Mwenye famasi haoni kitu. Anaona karatasi yenye mhuri, anafurahi kwamba amelipa kidogo. Mfanyakazi naye haoni, kwa sababu mshahara wake umefika mkononi. Miezi inapita, na kwenye CNSS miezi ndiyo inayohesabiwa. Siku mtu anapofika umri wa pensheni, anaulizwa miezi yake iko wapi. Hapo ndipo anapogundua kwamba dola 40 ambazo bosi wake aliokoa kila mwezi zilitoka kwenye uzee wake.

Uvira inalijua jambo hili. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichoajiri watu wa bonde la Ruzizi kwa vizazi, kilisimama na vita vya 1996. Anayezaliwa hapa anakua akisikia wazee wakizungumza juu ya miaka ya kazi na makaratasi ya miaka hiyo. Mji wenye kumbukumbu ya namna hiyo ungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza, bei hii ya chini inalipwa na nani?

Mwenye duka naye ana haki

Hata hivyo, itakuwa kosa kumgeuza mwenye duka kuwa mtu mbaya katika habari hii. Ana sababu zake, na nyingine ni nzito.

Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabeba watu, nyumba na maduka. Miaka iliyofuata ziwa Tanganyika lilipanda na kuingia kwenye maghala na nyumba za ukingoni, hata bandari ya Kalundu ikapigwa na maji. Februari 2025 Bukavu ilichukuliwa na M23, serikali ya jimbo la Kivu Kusini ikahamia Uvira. Desemba mwaka huohuo waasi wakaingia Uvira yenyewe, na watu kwa maelfu wakavuka kwenda Burundi. Mfanyabiashara aliyepitia hayo yote, akiletewa bei ya dola 60 kila mwezi, hawezi kulaumiwa akishtuka.

Tena ameshalipa wengi. Kabla mhasibu hajafika, wamepita watu wa masoko, wa mazingira, wa usafi, wa hati hii na hati ile. Kwa macho yake, mhasibu ni mkono mwingine unaonyooshwa. Na wapo komisioneri wanaojiita wahasibu, wanaochukua fedha ya kodi «wakulipie», kisha hawaonekani tena. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Zaidi ya hayo, si kila biashara inahitaji huduma nzima. Sheria ya Februari 2013 kuhusu kodi za biashara ndogo iliweka njia nyepesi: mwenye mauzo kati ya faranga milioni 10 na milioni 80 kwa mwaka alitakiwa kulipa asilimia 1 ya mauzo kama aliuza bidhaa, na asilimia 2 kama alitoa huduma. Muuza nguo mwenye mauzo ya milioni 40 alijua mapema kwamba kodi hiyo ilikuwa faranga laki nne. Na OHADA nayo ina mfumo mwepesi wa hesabu kwa biashara ndogo kabisa, unaofuata fedha iliyoingia na iliyotoka tu.

Kwa hiyo mhasibu mwaminifu anaanza kwa kumwambia mteja asichohitaji. Mama anayeuza mgebuka na ana msaidizi mmoja wa familia haitaji kutembelewa kila wiki. Anahitaji daftari moja lililochorwa vizuri, kufundishwa namna ya kulijaza, na mtu wa kulikagua kila miezi mitatu. Hiyo ni kazi ya saa tatu, dola 15 kwa robo mwaka, sawa na dola 5 kwa mwezi. Mhasibu anayemtoza mama huyo dola 40 kila mwezi anamwibia, sawasawa na anayeitoza famasi dola 20 na kuacha wafanyakazi wanne nje ya tamko.

Njia tano za kutoza, na moja ya kukataa

Bei zinazotumika kwa kazi hii duniani kote zinafanana, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni bei ya saa. Ni ya haki kwa mhasibu, lakini inamtia mteja hofu, kwa sababu hajui mwezi utaishia wapi. Tena inamwadhibu mhasibu hodari, maana anayemaliza kwa saa tatu analipwa kidogo kuliko anayejikokota kwa saa tano. Saa zinafaa kwa hesabu ya ndani ya mhasibu mwenyewe. Hazifai sana kuandikwa kwenye ankara.

Ya pili ni bei ya jumla ya mwezi. Mteja anajua atalipa nini, mhasibu anajua ataingiza nini. Ndiyo inayofaa zaidi Uvira, kwa sharti moja: kilichomo ndani kiandikwe. Bila hivyo, bei ya jumla inakuwa gunia lisilo na mwisho. Leo ni risiti, kesho ni barua ya mkopo, keshokutwa ni kumsindikiza bosi kwenye ofisi ya kodi.

Ya tatu ni kuhesabu maandiko: risiti 50 bei hii, risiti 200 bei ile. Inafaa kwa maduka ya vifaa vya ujenzi au maghala ya vinywaji, ambako kazi inapanda na kushuka pamoja na mauzo.

Ya nne ni bei ya kila mfanyakazi, nayo ndiyo inayofaa kwa mishahara. Kuna sehemu isiyobadilika, kwa sababu tamko moja linatengenezwa hata kama mfanyakazi ni mmoja, kisha kuna nyongeza kwa kila jina. Kwa famasi ile: dola 10 za msingi, na dola 2.50 kwa kila mtu, mara sita ni 15. Jumla 25. Zinazobaki 35 ni za vitabu. Akiajiriwa wa saba, kila mmoja anajua kwamba bei imekuwa 62.50. Hakuna ubishi.

Ya tano ni bei ya kazi maalum: kusafisha hesabu za miezi iliyopita, kuandaa hesabu za mwisho wa mwaka, kumtengenezea haki zake mfanyakazi anayeondoka. Hizi ziwekwe pembeni ya bei ya mwezi. Mteja anayekuja na katoni la miaka miwili hawezi kuingizwa kwenye dola 60. Mhasibu achukue mwezi mmoja wa katoni hilo, aufanye, apime saa, ndipo ataje bei ya miezi mingine. Anayetaja bei kabla ya kufungua katoni anacheza bahati nasibu.

Ile ya kukataa ni asilimia. Wapo wanaomwambia mteja: «Nitachukua asilimia kumi ya kodi nitakayokupunguzia.» Inavutia, kwa sababu mteja halipi kitu mpaka apate faida. Lakini mhasibu wa namna hiyo anakula zaidi kadiri anavyoficha zaidi. Mauzo yanashuka kwenye karatasi, wafanyakazi wanapungua kwenye karatasi, na siku wakaguzi wanapofika, jina lililoko kwenye hati ni la mwenye duka. Yule wa asilimia atakuwa ameshavuka mpaka.

Punguzo lenye sababu

Je, kupatana bei kuachwe? Hapana. Watu wa ukanda huu wanapatana, na ni vizuri. Kinachopaswa kubadilika ni kile kinachopatanwa.

Leo mteja anaomba tarakimu ishuke na kazi ibaki ileile. Ingekuwa bora aombe kazi ishuke. Katika zile saa 12 za famasi, saa nne zinapotea kwenye kupanga risiti. Kama mwenye famasi atanunua bahasha, akaandika tarehe juu yake, na kila jioni akaingiza humo risiti za siku hiyo, saa nne zinakuwa moja. Saa tatu zimeokolewa, dola 15. Bei inashuka kutoka 60 hadi 45, na hakuna aliyeonewa. Bahasha inaweza kufanya kile ambacho maneno ya undugu hayawezi.

Vivyo hivyo kwa umbali. Mfanyabiashara wa ng'ombe au wa maziwa kwenye milima ya Mulenge hawezi kulipa bei ya mtu wa mjini na wakati huohuo kutaka mhasibu apande milima kila mwezi, kwenye barabara ambayo mvua inaikata na usalama unabadilika. Lakini anaweza kutuma picha za risiti kwa simu siku anapofika penye mtandao, na kukutana na mhasibu mara mbili kwa mwaka. Safari zinazobaki zihesabiwe peke yake, kwa bei ya pikipiki ya siku ile.

Kuhusu bei ya undugu, ukweli usemwe. Uvira ni mji ambamo kila mtu ni shemeji, mjomba au jirani wa kanisani wa mtu mwingine. Mhasibu anayewapunguzia ndugu wote hana mteja asiye ndugu. Akitaka kumsaidia shangazi yake, amsaidie waziwazi: aandike bei kamili kwenye ankara, kisha aandike chini yake kwamba amemwachia nusu. Shangazi atajua alichopewa. Na mwaka ujao, msaada ukiisha, hatasema kwamba bei imepanda.

Dola, faranga na mkono wa tatu

Kuna jambo ambalo mhasibu wa Nairobi au Dar es Salaam halimsumbui sana, lakini la Uvira ni la kila siku: bei itajwe kwa fedha gani? Sokoni hapa zinatembea dola, faranga za Kongo na faranga za Burundi, wakati mwingine katika malipo ya bidhaa moja.

Wengi walikimbilia dola kama mahali pa usalama. Mwaka 2025 uliwafundisha somo. Dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya faranga 2,800 mwanzoni mwa mwaka ilishuka chini ya 2,500 kufikia Oktoba. Mhasibu anayelipwa dola 50 alizoea kupata faranga 140,000 dola ikiwa 2,800. Ikishuka hadi 2,300 anapata 115,000. Amepoteza faranga 25,000, na bei ya maharagwe sokoni haikushuka kwa haraka hiyo. Miaka ya nyuma ilikuwa kinyume: aliyetoza kwa faranga ndiye aliyelia.

Dawa si kuchagua fedha moja na kuomba Mungu. Dawa ni kuandika mapema: bei ni kiasi fulani, inalipwa kwa kiwango cha siku ya malipo, na ikiwa kiwango kitasogea zaidi ya kumi kwa mia, pande mbili zinakaa tena mezani. Sentensi moja kwenye karatasi inazuia ugomvi wa mwaka mzima.

Na mishahara yenyewe isisahauliwe. Mfanyakazi aliyeahidiwa dola na kulipwa faranga ana haki ya kuona kiwango kilichotumika. Kima cha chini cha mshahara, kilichokaa kwenye faranga 7,075 kwa siku tangu 2018 mpaka kilipopandishwa mwaka 2025, kimewekwa kwa faranga. Mhasibu asiyefuatilia tarakimu hiyo anaweza kumwingiza bosi wake kwenye kosa bila yeyote kujua.

Karatasi moja kabla ya kazi

Yote haya yanarudi kwenye jambo moja ambalo halihitaji fedha: barua ya makubaliano. Ukurasa mmoja unatosha. Uandike kazi gani itafanywa na ipi haimo. Risiti zifike tarehe gani, na zikichelewa itakuwaje. Bei ni kiasi gani na inalipwa siku gani. Fedha ya kodi na ya CNSS italipwa na nani. Jibu zuri la hilo la mwisho ni kwamba mwenye biashara alipe mwenyewe na mhasibu aweke uthibitisho kwenye faili. Mhasibu asiyeshika fedha za mteja hawezi kushukiwa kuzila.

Barua hiyo iseme pia habari ya siku mbaya, maana Uvira siku mbaya zinakuja. Mji ukifungwa, barabara ikikatika, benki zikifunga milango kama zilivyofunga Goma na Bukavu mwaka 2025, bei ya mwezi isimame, na ibaki ada ndogo ya kulinda kumbukumbu. Mhasibu awe na nakala za hati za mteja mahali pengine, mbali na maji na mbali na moto. Wafanyabiashara waliopoteza makaratasi yao kwenye mafuriko ya 2020 wanajua thamani ya nakala moja iliyobaki. Hiyo nayo ni huduma, na ina bei.

Wahasibu nao wajiangalie. Sheria ya tarehe 12 Februari 2015 iliunda chama cha kitaifa cha wahasibu wataalamu, ONEC, na kazi ya kujitegemea ya kushika hesabu za watu wengine iko chini ya utaratibu wake. Kijana aliyetoka shuleni na diploma ya biashara na usimamizi anaweza kufanya kazi nzuri chini ya mtu aliyeandikishwa, na hapo ndipo anapojifunza. Lakini anayefungua meza peke yake na kutoza dola 10 ili awanyang'anye wenzake wateja anaharibu soko ambalo kesho atalihitaji. Atakapotaka kupandisha bei, atakuta kijana mwingine ametoza 8.

Ingesaidia kama wahasibu wachache wa Uvira wangekaa pamoja. Si kupanga bei moja kwa siri, maana huko ni kumfungia mteja mlango. Wakae ili kukubaliana juu ya kile ambacho hakuna atakayekiacha kwa bei yoyote: wafanyakazi wote watangazwe, kila mmoja apewe karatasi ya mshahara, na hakuna tamko la kubahatisha. Juu ya sakafu hiyo, kila mmoja atoze anavyoweza. Ushindani wa haki ni wa kazi, si wa nani atakayefumba macho zaidi.

Na mwenye biashara, mwezi ujao mhasibu atakapokaa kwenye kile kiti mbele ya soda, asianze na «unipunguzie». Aanze na swali: «Wafanyakazi wangu wangapi umewatangaza mwezi uliopita, na uthibitisho uko wapi?» Kama jibu ni sita kati ya sita na karatasi ipo, dola 60 si ghali. Kama jibu ni kimya, hata dola 20 zilikuwa nyingi mno. Na wale wafanyakazi wanne waliokosekana kwenye tamko wako hapohapo nyuma ya kaunta, wanahudumia wateja, wakiamini kwamba mwezi wao umehesabiwa.